Mwenye Ufunguo Hachelewi

Mzee wa Kanisa wetu alikuwa mwanamke. Pale Kibuyuni hakuna aliyeona ajabu: hicho ni cheo, na cheo humwangukia anayekuwapo siku kinapogawiwa. Wageni tu ndio waliokuwa wakimsalimu huku wakichungulia nyuma yake kumtafuta mwanamume.

Alizaliwa wapi, kwa nani, mwaka gani, hayo sitayasema kwa sababu siyajui. Niliwahi kumwuliza, naye akaniuliza kama nina nia ya kuposa. Nikaacha.

Naandika haya kwa sababu tangu alipotutoka, watu wameanza kumfanya mtakatifu. Juzi kijana mmoja alisimama kanisani akashuhudia kwamba Bibi alikuwa akiwaka moto wa maombi usiku na mchana. Watu wakasema amina. Mimi ni muuza kamba, na jambo moja nimejifunza mezani pangu: bidhaa ikisifiwa kupita ilivyo, mnunuzi mwerevu huirudisha mahali pake akaenda zake. Sitaki mtu aje amrudishe Bibi. Kwa hiyo nimempima mwenyewe, na kama ilivyo desturi yangu, nimepima mara mbili.

Hakuwa akiwaka. Siku nyingi alikuwa amelowa.

Na hilo ndilo lililonifanya nimfuatilie miaka yote ile. Wanaowaka nimewaona wengi, wakaja wakaondoka. Nilichotaka kujua ni mtu asiyewaka huendeleaje. Nilikuwa na sababu zangu za kutaka kujua, nitazifikia.

Alikuwa mkulima wa mwani. Kwa asiyejua: maji ya bahari yakitoka, akina mama hushuka na vigingi, kamba na mbegu, yaani vipande vya mwani mbichi. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba huvutwa toka kigingi hiki hadi kile, na mbegu hufungwa moja moja kwenye kamba kwa vikamba vidogo. Maji yakirudi, kazi imekwisha, utake usitake. Mwani ukikua huvunwa, ukaanikwa juu ya vichanja, ukauzwa. Kamba zenyewe walinunua kwangu, kibandani pangu kwenye njia panda ya Shimoni, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu: kama mteja, tena mteja mgumu.

Aliivuta kamba, akainusa, akaiuma.

"Kamba hii imelala," alisema.

"Kamba hailali, Bibi."

"Imelala. Tazama ilivyolegea. Iliyolala ina bei yake."

"Hiyo niliyokutajia ndiyo bei ya iliyolala. Iliyo macho hata siwezi kukutajia."

"Mwongo wewe. Na Jumapili utakuja kukaa benchi la mbele."

"Benchi la mbele wanakaa watoto."

"Ndiyo. Ukae nao ujifunze kusema kweli."

Mwisho nilipunguza. Kila mara nilipunguza. Naye akishafunga mzigo wake aliinamisha kichwa pale pale, mbele ya wateja wengine, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa: "Bwana, msamehe huyu kwa bei yake ya kwanza. Amina." Kisha akaenda zake.

Maombi yake yote yalikuwa hivyo, mafupi, tena yenye anwani. Marefu hakuyataka. Mtu akiomba kupita kiasi, Bibi alikohoa. Akiendelea, Bibi alianza kusogeza benchi. "Mungu si mgeni wa Kwale," alimwambia mama mmoja aliyekuwa akimwombea shangazi yake. "Hospitali ya Msambweni anaijua. Huna haja ya kumwelekeza ashukie wapi."

Wakati wa mahubiri alisinzia, waziwazi, kichwa ukutani. Mahubiri yakiisha alifumbua macho akaanzisha wimbo, na wimbo aliuanzisha juu mno, hivi kwamba tukifika kwenye pambio wanaume walikuwa wamenyamaza na wanawake wanateseka. Tulimwambia. Akasema Jumapili ijayo ataanza chini. Hakuanza chini maisha yake yote.

Alikemea umbea mbele ya watu, na habari za Kibuyuni nzima nilizipata kwake, kavu kavu, kabla hajachagua kamba. Alikemea ushirikina vilevile, lakini ole wako uruke kamba zake zikiwa zimetandazwa chini.

"Bibi, huu nao si ushirikina?"

"Ni adabu. Zunguka."

Nikazunguka.

Kitu kilichowashangaza wageni kuliko cheo chake ni ibada yetu. Haikuwa na saa moja. Wakristo wa pale ni wachache, na karibu wote ni akina mama wa mwani, au waume wa akina mama wa mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio kwanza umeandama, bahari hutoka asubuhi ikaenda mbali kabisa, na hizo ndizo siku za kazi. Hakuna wa kuziacha. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, na hakuna kazi ya maana. Basi Mzee wa Kanisa aliamua: Jumapili ya maji mafu, ibada saa tatu asubuhi kama Wakristo wengine duniani. Jumapili ya bamvua, ibada saa nane mchana, maji yakisharudi. Tangazo halikuwapo. Mtu alitazama mwezi akajua.

Jirani yake, Mwanaidi, alikuwa Mwislamu, na mashamba yao ya mwani yalipakana. Mwanaidi hakuchoka na jambo hili.

"Hee, Mzee wa Kanisa! Sisi wenzenu swala zetu twapangiwa na jua. Nyinyi mwapangiwa na maji?"

"Sote twapangiwa na aliyeviumba. Nishikie kigingi."

"Nakushikia. Lakini jibu lako hilo ni kama kamba za yule wa njia panda. Zuri mpaka ulivute."

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimebeba kamba zenyewe. Hakuna aliyejali.

Siku moja mambo haya ya saa yalitaka kutufungia kanisa. Tuliletewa mchungaji mpya wa parokia, kijana wa bara, makao yake Msambweni. Alikabidhiwa makanisa mengi madogo, akaambiwa ayaangalie moja moja aone lipi liendelee na lipi liunganishwe na kubwa. Alipiga simu kwamba atakuja Jumapili. Mzee wa Kanisa akamwambia karibu sana. Mchungaji hakuuliza saa, kwa sababu kwao saa ya ibada haiulizwi. Bibi hakusema saa, kwa sababu kwetu mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi mpevu unaonekana hata kutoka Msambweni.

Akafika saa tatu kamili. Mlango umefungwa. Akagonga, akangoja, akaanza kulizunguka kanisa. Alikuwa na suti na viatu vya kung'aa. Akatazama msingi, akatazama paa, akatoa simu akapiga picha kona ya ukuta, kisha kona ya pili.

Sasa, kwetu huku mtu wa suti anayezunguka jengo lililofungwa akilipiga picha kona zake ni wa aina moja tu, dalali wa ardhi. Ardhi ya pwani imewahi kuuzwa watu wakiwa wamelala ndani yake. Mwanaidi ndiye aliyemwona kwanza, kutoka majini.

"Wajameni! Kanisa lapimwa!"

Wakatoka majini wote, wenye kanisa na wasio na kanisa, wamelowa hadi kifuani, na kila mmoja na kigingi chake. Mwanaidi mbele.

"Kaka, hapa hapauzwi."

"Hapana, mama, mimi ni mchungaji."

"Jumapili kila dalali ni mchungaji."

Mzee wa Kanisa alifika akihema. Alimtazama yule kijana kuanzia viatu.

"Kama ni mchungaji, tuambie ibada ya leo ni saa ngapi."

"Saa tatu, mama."

Akina mama wakatazamana. Mwanaidi akainua kigingi chake kidogo. Ilibidi kijana apige simu makao makuu, na makao makuu waongee na Bibi, ndipo vigingi viliposhuka. Akapewa kiti upenuni. Mwanaidi akampa muhogo wa kuchemsha, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa si dalali. Alikaa hapo mpaka saa nane, akaongoza ibada mbele ya watu waliokuwa bado wanachuruzika. Baada ya ibada akasema neno lake.

"Bibi, kanisa haliwezi kuongozwa na bahari. Wekeni saa moja ijulikane. Bila hivyo nitalazimika kuwaunganisha na Msambweni."

"Sawa," akasema Bibi. "Hiyo saa moja ni ipi?"

"Saa tatu."

"Sawa. Na wewe utakuwapo kila saa tatu?"

"Mimi nina makanisa mengine, Bibi. Nitakuja mara moja kwa mwezi."

"Basi hiyo mara yako moja tutakupa maji mafu, saa tatu, tumeoga na kuvaa. Hizo nyingine tuachie tuliopo."

Nimefanya biashara muda mrefu, na sijaona mtu akisema sawa mara mbili kisha akaondoka na kila alichokuja nacho. Mchungaji alifikiri, akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Tangu siku hiyo kila akitaka kuja alipiga simu kwanza, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo Bibi, maji yakoje?"

Wahubiri wageni walikuwa na ugonjwa mwingine. Kila aliyekuja aliugeuza mwani wetu kuwa mfano. Mwani ni imani, kamba ni neno, kigingi ni Yesu, mawimbi ni majaribu. Nilisikia mwani ukifananishwa na kila kitu isipokuwa mwani. Mmoja alimgeukia Bibi katikati ya mahubiri akamwuliza, "Sivyo, mama? Mwani unatufundisha nini?"

Bibi alikuwa amesinzia. Akafumbua macho.

"Mwani ni wa kuuza," akasema, akayafumba tena.

Jua la kaskazi lilipozidi mwaka mmoja, mwani wake wote ulipauka ukakatika, ukabaki kamba tupu. Wengine waliacha, wakaenda kuuza samaki Msambweni. Bamvua iliyofuata nilimkuta anashuka na mbegu za kuomba kwa Mwanaidi. Nikamwuliza ametoa wapi moyo wa kuanza tena.

"Moyo wa nini? Maji yametoka."

"Lakini hamu, Bibi. Mtu hupata wapi hamu?"

"Hamu ni mgeni," alisema. "Akija mkaribishe. Asipokuja, utalala na njaa?"

Nikamwambia hilo ni neno zuri la mahubiri. Akaniambia nikilipeleka kanisani hatanunua kamba kwangu tena.

Watu waliomjia wakisema wamechoka na wokovu hakuwaombea. Hakuwafungulia hata Biblia. Aliwapa kitu cha kubeba. Mama mmoja alipewa mtungi wa maji ya kunywa, awe anauleta kila ibada. Kijana mmoja wa kutoka Ukunda, mhudumu wa hoteli ya Diani aliyesimamishwa kazi msimu ulipolala, alikuja kuaga. Alikuwa na Kiswahili chake.

"Bibi, mimi hii mambo ya kanisa nimeachana nayo. Sina mudi."

"Mudi wa dukani?"

"Hapana, Bibi. Yaani sina hamu. Nikiomba ni kama naongea na ukuta."

"Aa. Pole. Basi beba ngoma."

"Ngoma?"

"Ngoma ya kanisa. Panya wanaila. Iwe inalala kwako, uwe unaileta."

"Bibi, nimekwambia naacha."

"Nimesikia. Acha, lakini ngoma iletwe."

Akaileta Jumapili. Huwezi kuleta ngoma mlangoni ukairusha ndani ukakimbia. Aliingia, na kwa kuwa ilikuwa mikononi mwake, akaipiga. Msimu wa hoteli ulirudi, naye akarudi kazini, na mpaka leo Jumapili asipokuwa zamu ngoma inafika kwa bodaboda, imefungwa nyuma kama abiria.

Nilikuwa nikicheka hayo yote mpaka zamu yangu ilipofika.

Mke wangu aliugua. Alilala Msambweni hospitalini, na madaktari wakafanya yao yote. Kanisa letu lilifunga na kuomba. Mimi nilihesabu waliofunga, nikahesabu tena, hakuna aliyekosa. Mke wangu akafariki.

Sikugombana na mtu. Sikumtukana Mungu. Nilifungua kibanda changu siku za kazi, na Jumapili nililala kitandani nikitazama paa. Nilijiambia kwamba nilitoa nilichokuwa nacho, sikupata nilichoomba, na biashara ya namna hiyo huwa hairudiwi.

Mzee wa Kanisa alikuja kununua kamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya faraja. Nilikuwa na majibu yake. Maneno hayo hakuja nayo. Aliivuta kamba, akainusa, akasema imelala. Tukabishana. Nikapunguza. Akafunga mzigo akaondoka, na juu ya meza akaacha ufunguo.

Niliujua ufunguo huo. Kufuli ya kanisa niliiuza mimi, na ilikuja na funguo mbili, lakini wa pili Bibi alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso siku ya bamvua, bahari ikauchukua. Huu ndio uliobaki peke yake. Nikamfuata barabarani.

"Bibi, umesahau ufunguo."

"Sijasahau."

"Bibi, mimi sina imani tena."

"Sikukupa imani. Nimekupa ufunguo."

"Mpe mwingine."

"Wengine wana mitungi na ngoma. Na mwenye ufunguo hachelewi. Mwenye imani anaweza kuchelewa, tutaimba wimbo mmoja zaidi. Mwenye ufunguo akichelewa tunapigwa na jua."

Jumapili ilikuwa maji mafu. Nilikwenda nikiwa na nia moja. Niliwakuta wote wamesimama nje, wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na mtungi, na ngoma. Hakuna aliyeniambia pole wala umepotea.

"Nimekuja kurudisha ufunguo tu," nikasema.

"Fungua," akasema Bibi.

Nikafungua. Kisha ilibidi ningoje mpaka mwisho, maana mlango uliofunguliwa lazima ufungwe, na ufunguo hakuupokea. Nikakaa benchi la nyuma nikamsikiliza akianzisha wimbo juu mno. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Sikuomba. Nilifungua, nikakaa, nikafunga. Ikapita kaskazi, ikapita kusi. Siku moja nikajikuta naimba, nikanyamaza, kisha nikaona kunyamaza nako ni kazi, nikaendelea.

Nilimwuliza, "Bibi, huu si unafiki? Nakaa humu na ndani yangu hamna kitu."

"Mnafiki husema anacho. Wewe umeshasema huna. Fungua na dirisha lile."

Mara moja tu nilimpata vizuri. Tulikuwa tumebaki wawili, tunafunga madirisha.

"Na wewe mwenyewe huwa unasikia kitu?"

"Kitu kama nini?"

"Wanavyosema. Moto."

Alikaa benchini. Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu kabatini na anajua kimo.

"Siku niliyobatizwa, ndiyo. Na siku mwanangu alipopona degedege. Na siku moja nyingine, hakuna lolote, nafunga mbegu tu, maji ya magoti, nikahisi kuna mtu amesimama karibu yangu. Nikageuka, Mwanaidi alikuwa kule mbali. Sikuogopa. Nikaendelea kufunga."

"Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine zote nafunga mbegu."

Kisha akanyoosha kidole. "Na usije ukalihubiri hilo."

Miaka ikaenda. Siku moja aliteleza kwenye mwamba akitoka majini, akavunjika nyonga. Alitibiwa, lakini mguu haukurudi kama zamani, na binti yake, anayefanya kazi katika ofisi za serikali Matuga, akamchukua kwake. Sisi tukaendelea. Mimi nilifungua, kijana akapiga ngoma, nyimbo zikaanza kwa sauti ya kadiri, na hakuna aliyezifurahia.

Kisha Mwanaidi akaja kibandani. Alikuwa amekwenda Matuga kumjulia hali, na hakufika kununua kamba. Alisimama tu.

"Mwenzenu si mzima."

"Nyonga?"

"Nyonga yapona. Yeye ndiye amezima. Nimemwambia, dada, niombee basi kwa Mungu wako, mwani wangu wapauka. Ameniambia Mungu aombwe na wenye miguu." Akafuta uso kwa buibui. "Nendeni. Mimi nimeshindwa, na mimi si wa kwenu."

Nilikwenda siku iliyofuata. Binti yake alinipokea mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mchungaji wa jirani alikuja mara kadhaa, na kila mara mama aligeukia ukuta. Haombi, haimbi. Biblia iko pale pale alipoiweka mwenyewe siku aliyofika.

Chumba kilikuwa safi, kina dirisha linalotazama mahindi. Alikuwa amekonda. Leso yake ilikuwa kavu, nami sikuwahi kumwona na leso kavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia nini?"

"Sina kitu leo."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nje kulikuwa na kuku. Nilimpa habari: nani amevuna, nani amegombana na nani. Habari zote kavu kavu. Hakuuliza swali hata moja, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Umetumwa uniombee?" akauliza.

"Mimi? Mimi ni wa ufunguo tu."

"Vizuri. Maana nimechoka. Nimeomba miaka yote hiyo, hata Mungu naye apumzike. Mimi hapa si wa kufunga mbegu, si wa kufungua kanisa, si wa lolote. Huyo mgeni wangu, hamu, haji tena, na sasa hata jikoni siingii." Aliutazama ukuta. "Na unyamaze. Najua unataka kuniambia neno langu mwenyewe."

Nilikuwa nataka kumwambia hilo hasa. Mtu aliyenifunga mdomo kwa bei miaka yote ile singemshinda kwa maneno siku hiyo. Nikatia mkono mfukoni, nikautoa ufunguo, nikauweka juu ya shuka.

Aliutazama.

"Umesahau ufunguo," akasema.

"Sijasahau."

"Huu ndio wa pekee."

"Ndio."

"Mimi niko Matuga. Kanisa liko Kibuyuni. Watafungua na nini?"

"Hilo sijui, Bibi. Mimi siyo mwenye ufunguo."

Nilimwona akiupima, kama alivyozipima kamba zangu. Nilingoja aseme umelala.

"Vunjeni kufuli."

"Kufuli nzuri ile? Niliiuza mwenyewe. Haivunjiki."

"Mwongo wewe."

"Ndiyo, Bibi."

Akauchukua. Akaugeuzageuza, akaufunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

"Jumapili maji yakoje?"

"Bamvua."

"Saa nane basi." Kisha akapandisha sauti ili binti yake asikie hadi jikoni. "Gari liwe la mlango mpana, mguu huu haukunjiki! Na huyu ndiye atakayelipa, ameniuzia kamba zilizolala miaka yote, ana akiba!"

Binti alikuja mbio kutazama nani amepiga kelele.

Jumapili nilimfuata mapema, kwa gari la mlango mpana. Njiani hakusema mengi, ila alimwambia dereva apunguze mwendo, kisha aongeze, kisha apunguze. Tulipofika Kibuyuni maji yalikuwa yamerudi. Watu walikuwa wamesimama nje kwenye kivuli cha ukuta, wengine wangali wamelowa, na mtungi, na ngoma. Mwanaidi naye alikuwapo, amesimama pembeni kidogo. Alisema anapita tu. Kanisa lilikuwa limefungwa.

Alishuka kwa magongo. Aliwatazama watu, akautazama mlango, akachukua muda wake kuyafungua mafundo ya leso.

"Nimekuja kurudisha ufunguo tu," akasema.

"Fungua, Bibi," nikamwambia.

Akafungua. Na wimbo akauanzisha juu mno.